Mama Rula na Funguo za Maabara

Chuoni walimwita Mama Rula, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Rula yenyewe ilikuwa ya mti, imemeguka ncha moja, na kwa miaka ishirini na sita ilikuwa ikilala chini ya mstari anaousoma wakati vidole vinapiga chapa. Mstari ukiisha, rula inashuka. Mwingine ukiisha, inashuka tena. Ndivyo alivyofundishwa alipoanza kazi, na ndivyo alivyokusudia kustaafu, maana ilikuwa imebaki miaka minne tu.

Barua iliyopita chini ya rula ile haikuwa na kosa. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuwa akinakili. Barua mia tatu zenye maneno yale yale, zinazotofautiana jina tu, yeye aliziandika mara mia tatu, kuanzia "Yah:" mpaka kwenye sahihi. Wenzake wakimwambia kompyuta inaweza kunakili yenyewe, alijibu, "Na kosa je, litanakiliwa na nani?" Wakarudi kwenye kazi zao, kwa sababu Mama Rula akishakujibu hivyo anageuza kiti.

Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu aliificha moyoni miaka tisa. Wiki ile kompyuta zilipoletwa, aliandika mitihani ya mwisho wa muhula kwa siku tatu. Siku ya tatu, sijui aligusa nini, ukurasa wote ukageuka buluu. Akabonyeza herufi moja tu, kuona kama mashine iko macho. Maandishi yote yakatoweka, ikabaki ile herufi peke yake kwenye weupe. Alipotaka kufunga, mashine ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko, naye kwa adabu zake zote akajibu ndiyo. Mitihani ilichelewa, akasemwa mbele ya walimu wote. Toka siku hiyo akala kiapo: hakuna kugusa kilichogeuka buluu.

Basi akaja mkuu mpya wa chuo. Kijana si kijana, mzee si mzee, mtu wa kutembea huku anaandika kwenye simu. Barua zake alijiandikia mwenyewe, akijisifu kwamba hata dakika mbili hazimalizi. Jumatatu moja asubuhi akamwita Mama Rula.

"Karibu ukae, mama."

"Ahsante, mkuu. Nimesimama tu."

"Barua za wanafunzi wapya ni mia tatu na kumi na mbili. Mwaka jana zilichukua wiki mbili. Kuna wanafunzi walipata barua wakati wenzao wameshaanza masomo. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Mama Rula hakuwa mtu wa kubisha ukweli, hata ukimkera.

"Ijumaa asubuhi nitakupa orodha ya majina," mkuu akaendelea. "Saa kumi jioni ziwe hapa mezani. Zikiwepo, tutaendelea. Zisipokuwepo, barua hii itaanza kufanya kazi." Akamsogezea bahasha. "Si kwa ubaya, mama. Kazi ni kazi."

Hakuifungua. Aliitia mkobani, akatoka na shingo imenyooka, maana kulia mbele ya mtu anayeandika kwenye simu ni kujipotezea machozi bure.

Kwenye benchi nje ya ofisi yake alimkuta mlinzi mzee, yule aliyeachishwa kazi mwezi uliopita. Ilikuwa mara ya tatu kuja.

"Mama, hebu nitazamie tena," mzee akasema, kofia iko mikononi. "Hizo funguo za maabara. Nimepekua nyumba nzima. Mke wangu amefumua mpaka godoro."

"Mzee wangu, una hakika uliwahi kupewa?"

"Mimi nilikuwa langoni. Maabara sikuwahi kuingia hata siku moja. Lakini barua ya mkuu imesema nizikabidhi, na barua ya ofisi haiwezi kusema uongo. Labda nilipewa nikasahau. Labda ni uzee." Akaikunja kofia. "Nisije nikaitwa mwizi sasa, baada ya miaka yote hii."

Mama Rula alimwonea huruma, ila siku hiyo alikuwa na mzigo wake. Akamwambia apumzike, huenda akazikumbuka. Mzee akaenda zake taratibu. Maneno yale mawili, "huenda akazikumbuka," baadaye yalimchoma Mama Rula kuliko bahasha.

Sasa, kujifunza ni kujifunza, lakini kwa nani? Chuoni hakutaka. Wangemwonyesha haraka haraka huku wanatazamana. Watoto wake wako mbali. Alibaki mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa wifi yake.

Wifi, dada wa marehemu mumewe, alikaa mtaa wa pili na aliuza vitambaa kwa simu. Duka hana, duka lake lilikuwa makundi kumi na saba ya watu, na kila asubuhi yote yalipata tangazo moja kabla chai haijapoa. Mawifi hawa walikuwa wamechokozana kwa miaka thelathini. Kumwomba wifi msaada ilikuwa sawa na kumpa fimbo akuchape. Lakini maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Jioni ile ile akabisha hodi.

"Ee! Leo jua limetoka wapi?" wifi akapiga makofi. "Mke wa kaka, umepotea njia?"

"Sijapotea. Nifundishe kunakili na kubandika. Na usinicheke."

"Nitacheka kwanza, halafu nitakufundisha."

Na kweli alicheka, tena kwa kujiegemeza ukutani. Kisha akatoa simu, akakaa karibu naye kwenye kochi.

"Weka kidole kwenye neno. Bonyeza, usiachie. Shika kama unavyoshika sikio la mtoto mtundu. Umeona limegeuka rangi?"

Mama Rula akaondoa kidole kama aliyegusa jiko.

"Halijakung'ata, wifi. Rudisha. Haya, tazama hivi vidoti viwili, mwanzoni na mwishoni. Vivute mpaka uchukue unachotaka chote. Sasa gusa pale palipoandikwa Nakili. Umeshachukua. Nenda unakotaka kukiweka, bonyeza tena usiachie, halafu Bandika."

Maneno yakatua mahali pake, mazima, hata nukta haikupotea. Mama Rula akatazama simu, akamtazama wifi, akatazama tena simu. Akasema tu, "Tena."

Walirudia mpaka mara ishirini. Jumanne alirudi, na Jumatano. Alijifunza kwa hasira, hivyo ndivyo alivyokuwa akijifunza kila kitu. Aligundua kwamba mashine mkononi ina nafasi ya kitu kimoja: ukinakili cha pili, cha kwanza kimetupwa. Hilo alilijua kwa aibu. Jumatano mchana alidhani amenakili taarifa ya kikao, akaibandika kwenye kundi la wafanyakazi wa chuo, kumbe mkononi alikuwa bado na tangazo la wifi. Walimu wote, na mkuu wao, wakasoma: "Mzigo mpya umeingia, rangi hazichuji, mwahi ndiye mpataji." Mwalimu wa useremala akaagiza vitambaa viwili.

"Wateja wapya hao," wifi akasema jioni. "Kosea tena kesho."

Alhamisi wifi aliazima kompyuta ya jirani. "Huku ni yale yale," akasema. "Kwanza yageuze buluu. Kidole kidogo kishike Ctrl, kingine kiguse C, umenakili. Ctrl na V, umebandika. Ctrl na X, umekata. Kitu kinaondoka hapa kikawekwe kule. Na Ctrl na Z ni toba."

"Toba gani?"

"Ukikosea. Futa hapo uone."

Mama Rula akafumba jicho moja. Ukurasa mzima ukageuka buluu. Akabonyeza herufi moja. Weupe. Moyo ukampasuka kama miaka tisa iliyopita.

"Sasa Ctrl na Z."

Maandishi yote yakarudi.

Mama Rula akafuta tena, akarudisha tena, mpaka wifi akaacha utani. Siku tatu za kazi, kusemwa mbele ya walimu, miaka tisa ya kupiga barua moja moja mpaka vidole vinavimba, na dawa yake ilikuwa vidole viwili. Uchungu ulimpanda, akauacha upande, kisha ukashuka.

"Mbona hukuniuliza siku zote hizo?" wifi akasema polepole.

"Nikuulize wewe?"

Wakatazamana, wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilimaliza mambo mengi ambayo hayakuwahi kusemwa.

"Haya, tufanye mazoezi kwa barua ya kweli," wifi akasema. "Leta hiyo ya mkuu, uliyoificha mkobani kama hirizi."

Mama Rula akaifungua bahasha kwa mara ya kwanza. Akaweka rula chini ya mstari wa juu, akasoma kwa sauti. Jina lake, sawa. Cheo chake, sawa. Utumishi wake ungekoma mwisho wa mwezi. Rula ikashuka. "Kabla ya siku hiyo utakabidhi mali ya chuo uliyonayo, yaani rungu, tochi, koti la mvua na funguo za maabara."

Wifi aliangua kicheko, akateleza kutoka kwenye kochi. "Rungu! Wifi, kumbe unalinda lango?"

Lakini Mama Rula hakucheka. Kwanza aliumia. Miaka ishirini na sita, na mtu amemwandikia barua ya kumwondoa bila hata kuisoma. Kisha rula yake ikarudi nyuma, ikasimama chini ya maneno ya mwisho. Funguo za maabara. Rungu, tochi na koti ni vya mlinzi. Funguo ni za mtunza maabara, aliyehama mwanzoni mwa mwaka na kuzirudisha mbele ya Mama Rula mwenyewe, jambo ambalo Jumatatu, kwa mzigo aliokuwa nao, hakulikumbuka. Barua ya mtunza maabara ilinakiliwa ikawa ya mlinzi, rungu likaongezwa, funguo zikasahauliwa kufutwa. Ya mlinzi ikanakiliwa ikawa yake.

"Yule mzee amefumua godoro," akasema. "Nami nikamwambia atakumbuka."

Wifi akainuka, akakaa.

Ijumaa asubuhi mkuu akaleta orodha. Mama Rula akaandika barua moja, moja tu, akaipitia kwa rula mara mbili. Kisha akashika Ctrl. Jina kutoka kwenye orodha, anwani, fani ya kusomea: nakili, bandika, nakili, bandika. Wenzake walipita dirishani mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta maji. Kwenye barua ya tisini alibandika jina la fundi bomba kwenye barua ya mshonaji. Akatubu kwa Z, akaendelea. Chakula cha mchana hakula. Saa nane na robo printa ikatema barua ya mia tatu na kumi na mbili, naye bado alikuwa na rula, akiipitisha chini ya kila jina kwenye orodha na kwenye barua. Saa tisa unusu alimaliza. Akaenda langoni kuazima vitu vitatu.

Mkuu aliinua macho kutoka kwenye simu. Mezani pake palikuwa na rundo la barua, na juu ya rundo rungu, tochi na koti la mvua limekunjwa vizuri.

"Hivi ni nini, mama?"

"Nakabidhi, mkuu, kama barua yako ilivyoniagiza. Funguo za maabara ndizo sina. Zilirudishwa mwezi wa kwanza, ziko kwenye kabati nyuma yako."

Akampa barua yake, na rula imewekwa chini ya mstari wenyewe. Mkuu akasoma. Akasoma tena. Uso wake ukabadilika taratibu, na simu akailaza kifudifudi.

"Nimekukosea, mama. Barua hii naichana. Na hizi," akagusa rundo, "sikutegemea. Kazi yako ni yako."

"Ahsante. Lakini si mimi tu. Mlinzi mzee alipata barua hii kabla yangu. Mwezi mzima anatafuta funguo ambazo hakuwahi kuzishika. Anadhani amezeeka vibaya. Anadhani ataitwa mwizi."

Mkuu alifikicha macho. "Tumwandikie leo hii," akasema mwishowe. "Tumwombe radhi. Ninayo barua ya radhi kwenye mashine, niliwahi kuitumia, subiri nikutumie unakili..."

"Hapana, mkuu."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, bila ukali. Akaichukua rula yake, akarudi ofisini, akakaa. Alikuwa anajua sasa kunakili, anajua kubandika, anajua na kutubu. Akafungua ukurasa mweupe. Akaandika jina kamili la mlinzi mzee, herufi kwa herufi, na baada ya jina, barua nzima, neno kwa neno, kwa mikono yake. Alipomaliza aliipitia kwa rula, mkuu akaitia sahihi, naye akaiweka bahashani, na hakumpa mtu yeyote aipeleke. Alivaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda mwenyewe.