Verediana na Chakula cha Mabaniani

Watu wa Ipogolo walimjua Verediana kwa jambo moja: hakupokea kitu cha bure. Ukimpa kiazi, atakuuliza unataka nini. Hakuzaliwa hivyo. Mumewe, Danieli, aliondoka na lori la waandikishaji wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Kabla ya lori kuondoka, waandikishaji wale waligawa blanketi, kisha wakapika wali na nyama palepale kando ya barabara. Danieli alikula, akashiba, akapanda huku anacheka. Hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Tangu hapo Verediana alikuwa akisikia harufu ya wali wa bure, moyo unamdunda.

Alilima mboga bondeni, karibu na Ruaha Mdogo, akawa anapanda nazo mlima hadi Iringa mjini kuuza. Mmoja wa wateja wake alikuwa mjane wa Kibaniani, jina lake Kesarben, ambaye watu walimwita Mama Kesari. Alikuwa mwembamba, mwenye sari nyeupe na sauti ndogo. Kwa miaka mingi walifanya biashara mlangoni. Jikoni Verediana hakuwahi kukanyaga, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Mtu asiyetaka uone chungu chake anaficha nini?

Mwaka wa 1954 mvua zilichelewa na mahindi yakakauka yangali machanga. Asubuhi moja Mama Kesari alichukua mboga zake, lakini hakufunga mlango.

"Veredi, Jumamosi ya juma lijalo njoo hekaluni kwetu. Lete maboga. Tena lete watu."

"Watu gani, mama?"

"Wote. Mimi napika, watu wanakula. Bure."

"Kwa nini?"

"Sadaka yangu. Kwa ajili ya bwana yangu."

"Bwana wako si alikwisha kufa?"

"Ndiyo sababu," alisema Mama Kesari, akaingia ndani.

Jibu hilo lilimtia Verediana hofu zaidi. Jumapili, baada ya misa, alilipeleka kwa Liberatus, katekista wa kigango chao, mtu ambaye kila shaka ilikuwa rafiki yake.

"Wazee walisema, Baniani mbaya, kiatu chake dawa," Liberatus alisema. "Kiatu, mama. Hawakusema chakula. Kwanza, kitawekwa mbele ya sanamu. Pili, hamjasikia habari za mumiani? Wanatafuta damu ya watu watengeneze dawa. Na mtu mwenye njaa hana damu. Lazima ashibishwe kwanza."

Waliokuwa karibu walitazama mlima, upande wa mjini.

Hata hivyo, Jumamosi watu wa Ipogolo walipanda mlima, kwa sababu njaa haina masikio. Verediana naye alikwenda, si kula bali kuchungulia. Uani mwa hekalu masufuria makubwa yalikuwa juu ya mafiga: wali uliopikwa pamoja na choroko, maboga yake mwenyewe, na harufu ya samli iliyowafanya watu wameze mate. Nyama haikuwepo hata kipande. Akajiuliza, matajiri hawa wanapikaje karamu bila nyama?

Kisha aliona jambo lililomsimamisha nywele. Kuhani wao alichota chakula kidogo kutoka kila sufuria, akakitia katika bakuli la shaba, akaingia nalo ndani na kuvuta pazia. Kengele ikalia. Alipotoka, Mama Kesari alilipokea lile bakuli, akakirudisha kile chakula katika masufuria yote, akakoroga.

"Mmetia nini?" Verediana alipaza sauti. "Huko nyuma ya pazia mmetia nini?"

Watu waliokuwa wamekaa na majani ya migomba mbele yao wakasimama.

"Ni baraka tu," alisema Mama Kesari.

"Basi kula wewe kwanza, tukuone!"

Mama Kesari alitikisa kichwa. "Siwezi. Mwenye sadaka anakula mwisho. Nimeahidi Mungu, watu wa nchi hii wale kwanza."

"Mmesikia?" Verediana aliwageukia wenzake. "Mpishi anakiogopa chungu chake!"

Hapakuhitajika neno jingine. Uwanja ukabaki mtupu. Mabaniani wachache waliosimama tayari kugawa walibaki na miiko mikononi.

Usiku huo Verediana hakulala vizuri, wala kesho yake hakutulia. Jumatatu alipanda na mboga. Mlango wa Mama Kesari ulikuwa umefungwa. Jirani yake alimwambia kwamba mama yuko hekaluni na hajatia kitu kinywani tangu Jumamosi, hata maji, kwa kuwa watu hawakula kwanza.

"Hila," Verediana alijiambia. Lakini alikwenda.

Kabla ya kuingia aliwatafuta ng'ombe wa hekalu, maana alisikia kwamba chakula kile walipewa wao. Aliwazunguka, akawatazama macho na pua. Walikuwa wazima, wanacheua.

Mama Kesari alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, midomo imempasuka. Pembeni yake sufuria moja ilikuwa inatoa mvuke. Alikuwa amepika upya.

"Lile bakuli lilikuwa na nini?" Verediana aliuliza bila salamu.

"Chakula kilekile. Tunampa Mungu kwanza. Kikirudi, tunachanganya, watu wote wapate alichokigusa." Alivuta pumzi. "Kwenu padri hawi na kengele?"

Verediana alisogea karibu. "Na kwa nini sisi? Kwa nini usilishe watu wako?"

Ndipo Mama Kesari alipoeleza. Zamani yeye na mumewe walikuwa wakisafiri kwenda Mbeya, mto ukafurika, wakakwama Igawa mpaka chakula chao kikaisha. Watu wa pale waliwaletea maziwa katika kibuyu. Mumewe alikunywa. Yeye alikataa.

"Nilifikiri wametia dawa. Nilikaa na njaa mpaka nikaanguka, ndipo mwanamke mmoja akaninywesha kama mtoto. Mume wangu alisema, siku moja tutawalisha watu hawa. Akafa kabla."

Verediana alimtazama sana. Maneno mazuri hata waandikishaji wa manamba walikuwa nayo. Lakini midomo ile iliyopasuka ilikuwa ya njaa, na njaa Verediana aliijua, haiigizwi. Akiendelea kukataa, mtu huyu atakufa, na kifo hicho kitakuwa chake.

Akafanya ishara ya msalaba, akachota tonge dogo, akalishikilia mdomoni kwa muda, akameza. Halikuwa na ladha ngeni. Lilipungukiwa chumvi.

Mama Kesari alifunika uso kwa sari yake, akalia. Ndipo naye akala.

Jioni Verediana alikaa mlangoni kwake akisubiri tumbo limkate. Halikumkata. Wenzake walipomwona mzima, wachache walipanda naye mara nyingine, kisha wengi. Liberatus hakula hata siku moja.

Hata hivyo, tonge lile halikumponya Verediana tabia yake. Mwaka uliofuata, alipokwenda Mbeya kumtembelea dada yake Evarista, basi lilisimama Igawa. Alishuka, akamwendea mwanamke mzee aliyeuza maziwa, akamuuliza kama anamkumbuka Baniani aliyekwama pale na mkewe.

"Yule aliyekataa maziwa yetu?" mzee alisema. "Tulimwona ana kiburi! Ndugu yangu ndiye aliyemnywesha."

Aliporudi Iringa alimwambia Mama Kesari. Kesari alikunja uso.

"Ulikwenda kuniulizia kwa watu?"

"Nilikuwa napita."

Hawakusalimiana vizuri kwa muda mrefu. Mboga zilinunuliwa, mlango ukafungwa. Lakini siku moja Mama Kesari alimwita ndani, mpaka jikoni, akamuuliza polepole yule mzee alisema nini hasa.

"Alisema ulikuwa na kiburi."

"Haikuwa kiburi. Ilikuwa hofu." Akafunika chungu. "Lakini yeye angejuaje?"

Masika ilipokwisha, Mama Kesari alipeleka mchele na choroko Igawa, akapika yeye mwenyewe kando ya barabara. Verediana alimngojea kwa hamu.

"Walikula?"

"Wachache. Wengine walisimama mbali, wananitazama mikono."

"Usikasirike," Verediana alisema, akimpokea mzigo. "Mwakani tutakwenda wote."