Mtani Asiye na Jembe

Siku ile ya msiba wa mjomba, kule Kinole, naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa msichana. Watani wa ukoo wetu walifika wakitutukana wafiwa, wakaiga hata marehemu alivyokuwa akikoroma, nasi tukacheka huku tunalia. Ndiyo mila yetu. Basi kijana mmoja mgeni akadhani mlango u wazi kwa kila mtu, akamrushia mjane neno chafu. Bibi yangu akamgeukia.

"Wewe kaburi umechimba?"

"Hapana bibi, nilikuwa natania tu."

"Watani wametukana, na mikono yao ina udongo. Yako je? Haya, tuondokee hapa!"

Sasa mimi ni mzee, nachapisha vitabu hapa Morogoro mjini, na tunaandaa kitabu cha gemu za zamani, zile za kuchomeka kaseti kwenye televisheni. Wiki nzima wewe na wenzako mmenipigia simu kuhusu bwana aliyeandika sura ya mabanda ya gemu ya Dumila. Mnauliza kama ni kweli. Ni kweli, na sitamfichia.

Kwenye kundi la simu la wapenzi wa gemu hizo, akitumia jina la bandia, ingawa namba ya simu ilimfichua, alimwandama Zuhura, mama aliyeendesha banda la gemu Ngerengere, na ambaye naye ametuandikia sura. Alimporomoshea matusi ya nguoni, eti mwanamke anajua nini kuhusu gemu, akawachochea na wenzake. Zuhura alikuja ofisini, akaniomba niitoe sura yake kitabuni. Yake! Aliyetukanwa ndiye apishe njia? Hasira ilinipanda hata chai ikanishinda.

Nikamwita yule bwana. Akaja anatabasamu.

"Shikamoo mama. Jamani, ule ulikuwa utani tu. Watu wa huku si tunataniana?"

"Marahaba. Zuhura alipofiwa na mumewe, ulikwenda?"

"Sikwenda, mama. Hata simfahamu."

Ebo! Humfahamu, na unamtania! Nikamwambia mtani hutukana uso kwa uso, anajulikana jina na kwao, na ukifiwa ndiye wa kwanza kushika jembe. Yeye alijificha. Sura yake niliitoa kitabuni siku hiyohiyo.

Wapo mnaonung'unika kwamba ameandika vizuri, nimtenganishe mtu na kazi yake. Thubutu! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Angetukanwa mama yako ungesema hivyo? Kitabu kitachelewa, na kichelewe. Zuhura nimemwambia habanduki, na sura yake ndiyo itakayofungua kitabu. Amekubali, ingawa bado anaogopa kufungua simu yake.

Basi mwanangu, shika hili. Kabla hujamtania mtu, jiulize kama utakwenda kumzika. Kama huendi, funga mdomo wako. Na ukiona mnyonge anatukanwa halafu unaambiwa ni utani, usicheke nao.

Mungu akupe umri mrefu na ulimi wa staha, na siku yako ikifika, wanaokutania wawe ndio wanaokuchimbia kaburi.