Bibi Aliyepika Bila Kuonja

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa Ramadhani, mwanangu, kule karibu na Tongoni, vifurushi vyetu vimekwisha fungwa barazani na mimi nimetumwa jikoni kumwambia mwenye nyumba kwamba tunamhama. Uliponiambia umekuja kuniaga, kwamba unakwenda kujitolea wiki tatu na vijana wenzako wa kanisa, mchana ule ulinirudia wote, hata moshi wake. Kaa basi. Gari lako si la leo, na mimi sizungumzi na mtu aliyesimama.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, mzaliwa wa huku huku milimani, niliyekua nikisikia kengele ya kanisa asubuhi na jioni na kudhani kila mtu duniani anaisikia. Mchungaji wetu alitangaza kwamba huko chini pwani, kwenye shamba moja la mkonge, kuna watoto wa manamba, wale vibarua waliotoka mbali kwa mkataba. Wazazi wao walikuwa Wakristo lakini hawakuwa na kanisa wala shule. Akataka vijana wa kwenda kukaa na watoto hao likizo moja, wawasomeshe, wawaimbishe, wawasimulie habari za Mungu, kisha warudi. Tukajitokeza wasichana wawili na wavulana wachache. Kiongozi wetu akawa Samweli, kijana mrefu, sauti nzuri, mwenye majibu kabla ya maswali. Ndiye huyo unayemwona anasinzia pale kitini. Hadithi hii anaijua, ndiyo maana anajifanya amelala.

Tulipofika, tatizo la kwanza lilikuwa pa kulala. Vyumba vya shambani vilijaa wanaume tu, na sisi wasichana hatukuweza kukaa huko. Nyapara mmoja, Mkristo wa Songea, akaenda kutuulizia nafasi katika kijiji cha jirani. Kijiji kizima kilikuwa cha Waislamu, na Ramadhani ndiyo kwanza imeandama. Aliyesema "waje wote" alikuwa Bi Mwanakombo, mjane asiye na mtoto, mwenye nyumba ya udongo yenye baraza pana. Sisi tukapewa chumba, wavulana wakatandikiwa mikeka barazani.

Kaka yake alimkataza. Huyo alikuwa Maalim Athumani, mwalimu wa madrasa, mtu mzito wa maneno. Alimwambia mbele ya majirani, na watoto wakatuletea maneno hayo hayo: "Utawaweka watu wanaokula mchana katika mwezi mtukufu? Hawamalizi mwezi hapa. Wataondoka wakikusema, na aibu itakuwa yetu sote." Bi Mwanakombo akamjibu, "Mgeni njoo mwenyeji apone, kaka. Mie nangoja kupona." Kijiji kikakaa kungoja nani atakuwa mkweli.

Siku zetu zilikuwa njema, mwanangu. Alfajiri tulishuka shambani, tukaingia katika ghala tupu walilotupa, na watoto walikuwa wamekwisha kufika zamani wakitungoja. Walikuwa wachafu wa vumbi la mkonge na wepesi kushika. Yuko mmoja, Anjela, aliyeandika jina lake sakafuni kwa mkaa, kisha akalikalia ili mtu asilikanyage. Nikikumbuka nyimbo zao bado nasikia ubaridi mwilini. Nimeimbisha kwaya nyingi tangu hapo, na sijapata tena sauti kama zile.

Mchana tulirudi kwa Bi Mwanakombo na kukuta chakula barazani kimefunikwa kwa kawa. Yeye mwenyewe hakukaa nasi. Akituona tu, aliingia uani. Na chakula chenyewe, lo! Kilikuwa makande, mahindi na maharage, chakula chetu cha milimani, lakini kilikuwa hakiliki. Leo hakina chumvi hata punje, kesho kina chumvi ya kutosha kukausha samaki. Tulitazamana, tukatafuna, tukakunywa maji. Jioni, akishafuturu, alipika tena, tukala naye pamoja. Samaki wa nazi, mihogo, wali. Chakula cha usiku kilikuwa kitamu hata Samweli alilamba vidole, yeye aliyekuwa akitufundisha kila siku kwamba kulamba vidole si adabu.

Hapo ndipo dhana ilipoingia. Siku moja, makande yaliposhindikana kabisa, Samweli alisukuma sinia akasema, "Hamwoni? Usiku anapika cha kwake, kitamu. Mchana anapika cha kwetu, sumu. Huyu bibi hatutaki. Anatufukuza kwa adabu za pwani." Na sisi, watu wa Mungu, tukaitikia kwa vichwa. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, kila mtu anamwona. Ila hawakusema kwamba kuku mweupe naye hudhani kila kokoto limerushwa kwa ajili yake.

Kesho yake tukarudi mapema kutoka shambani. Samweli akawa amekwisha sema na nyapara. Wavulana wangelala ghalani na sisi wasichana tungejibana kwa mke wake. Vifurushi vikafungwa vikapangwa barazani. "Wewe ni mwanamke," akaniambia, "nenda ukamuage vizuri." Ajabu ya wanaume, maneno magumu huwa ni ya wanawake. Nikaenda. Nilijua kwamba baada ya kitambo kidogo Maalim Athumani angepita pale kwenda kuswali adhuhuri, kama kila siku, na angeviona vifurushi vile. Nilijua pia kwamba kijiji kizima kingemcheka Bi Mwanakombo kabla jua halijachwa. Lakini njaa, mwanangu, humfanya mtu mgumu.

Sikuwahi kuingia jikoni kwake. Tuliambiwa mgeni haingii jikoni, nasi tulifurahi kutii. Jiko lilikuwa kibanda cha makuti uani. Nikasimama mlangoni kabla ya kupiga hodi, kwa kuwa nilikuwa natafuta neno la kuanzia. Bi Mwanakombo alikuwa ameinamia chungu, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Akachota kwa upawa, akauinua mpaka karibu na mdomo. Akautazama. Akanusa. Akaurudisha chunguni bila kugusa hata kwa ulimi. Akachukua chumvi ya mawe kidogo mkononi, akaipima kwa macho, akasita, akairudisha nusu, akatia iliyobaki, kisha akasema peke yake, "Ya Rabi, leo ikubali."

Tulijua kwamba amefunga! Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Tulijua tangu siku ya kwanza, tukamsifu hata katika sala zetu kwa subira yake. Hakuna aliyewahi kujiuliza mtu aliyefunga anaonjaje chakula cha watu wengine.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu. Ah, nyie leo mmewahi. Bado kidogo."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai?"

Sikumwambia nililotumwa. Nilimwuliza, "Bibi, hapana mtu wa kukuonjea?"

Akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa sijawahi kumwona amechoka, kwa sababu sikuwahi kumtazama mchana. "Samaki hainisumbui," akasema. "Samaki mkono wangu waijua chumvi yake hata gizani. Lakini haya mahindi yenu sijayapika maishani mwangu. Nilimwuliza mke wa nyapara, watu wa milimani hula nini, akanambia makande. Nikasema hawa watoto wako mbali na mama zao, wapate japo kitu cha kwao. Sasa chumvi yake siijui. Wako wanaoonja kwa ncha ya ulimi wakatema, na dini haikatazi. Mie moyo wangu haukubali."

"Ungemwita mtoto wa jirani akakuonjea."

"Akaonje, kisha akamwambie Maalim kwamba nimeshindwa na chungu?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Yamekuwa mabaya, sio? Nambie kweli. Kila siku nayaona yanarudi nusu sinia, nami naona haya kuwauliza."

Nililia, mwanangu. Nilimlilia pale pale, na yeye akadhani ni moshi, akanisogeza. Basi nikauchukua upawa mkononi mwake, nikaonja. "Imepungua, bibi," nikasema. "Tia kidogo. Kidogo tena. Basi."

"Basi?"

"Basi. Sasa ni ya mama yangu kabisa."

Nikatoka mbio kwenda barazani. Samweli akasimama. "Umemuaga?" Nikamwambia, "Amefunga, Samweli. Chakula chetu hajapata kukionja hata siku moja. Makande aliyaulizia kwa ajili yetu." Yule mwenye majibu kabla ya maswali aliinama, akakumbatia vifurushi vyote kwa pamoja, vya kwake na vya wenziwe, akaviingiza ndani akijigonga mlangoni. Hakumtuma mtu. Siku ile ndipo nilipoanza kumwangalia kwa jicho jingine. Mzee, acha kukohoa, nakusifu!

Maalim Athumani alipopita alitukuta tumezunguka sinia. Akasimama na bakora yake. Bi Mwanakombo naye alikuwa ametokea mlangoni, upawa bado mkononi, hapumui. Tulimwamkia Maalim, akaitikia. Akamtazama Samweli. "Haya, vijana. Chakula cha dada yangu kinawafaa?"

Samweli alisimama. "Maalim," akasema, "nyumbani kwetu tunafundishwa kuwapenda wageni. Hapa tumepikiwa. Tutakaa mpaka siku yetu ya kuondoka, kama bibi hajatuchoka."

Maalim akamtazama dada yake, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea na njia yake. Bi Mwanakombo akaingia ndani upesi. Sisi tukamaliza sinia lile mpaka tukalikwangua.

Tangu siku ile nilirudi kutoka shambani mapema kila mchana, nikamwonjea. Samweli akawa anachota maji kisimani, na wanawake wa kijiji wakamcheka mwanamume mwenye mtungi, naye akazoea. Jambo la ajabu ni kwamba kazi yetu ghalani nayo ilitengemaa. Tulisema kidogo, tukauliza zaidi. Tuliwauliza watoto wa manamba nyimbo za makwao, tukaimba zao pamoja na zetu. Anjela akatufundisha wimbo wa kwao, ambao mpaka leo nawaimbia wajukuu, ingawa sijui maneno yake yote maana yake nini.

Siku ya Idi ikafika, na kesho yake ndiyo tulikuwa tunaondoka. Kijiji kilinukia pilau kutoka kila ua. Nilikwenda jikoni kuaga jiko, kwa kuwa nilikwisha lipenda. Bi Mwanakombo alivaa kanga mpya, mkononi hina. Akachota mchuzi wa pilau, akanisogezea upawa. "Nionjee."

Nikacheka. "Bibi, leo hujafunga! Onja mwenyewe."

"Najua sijafunga," akasema. "Lakini ulimi wangu umeshazoea kuwa kwako."

Nilionja nikashindwa kusema chumvi imekaa au haijakaa. Akaelewa, akatia chumvi kwa kukisia. Kesho yake alitusindikiza hadi barabarani, na Maalim akaja naye, akiwa amebeba kikapu cha nazi za safari, tusizomwomba.

Utaniuliza, Bi Mwanakombo alibatizwa? Hapana. Wala mimi sikusilimu. Kuna mwanangu mmoja, mchungaji, anaipenda sana hadithi hii, akiisimulia kanisani huongeza aya ya chumvi na watu hupiga makofi. Mimi siongezi kitu. Miaka kadhaa baadaye nilirudi pale nikiwa na mtoto mgongoni, nikaonyeshwa kaburi lake. Nilikaa uani pake mbele ya mafiga baridi, nikamlilia kama mama.

Sasa nikuambie lililonifanya nikukalishe. Unakwenda kwa wiki tatu, na wiki tatu si kitu. Watu utakaowakuta walikuwa na Mungu wao na jua lao kabla hujafika, na watabaki nalo ukishaondoka. Usijidhani wewe ndiwe unayepeleka, na wao ndio wanaopokea. Kuanzia siku ya kwanza wao ndio watakaokupa, na mengi watakayokupa hutayaona, kwa kuwa yanapikwa uani na wewe umekaa barazani. Kwa hiyo ingia jikoni. Ukichukizwa na jambo, usikae na wenzako mkalitafutia sababu. Nenda kamwulize mwenyewe, kwani kuuliza si ujinga. Na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilibakiza neno moja tu mdomoni nimvunjie heshima mtu aliyenipenda kuliko nilivyostahili. Ukikosa la kufanya huko, ukaona mahubiri hayaendi na watoto wamechoka, tafuta mtu mmoja ambaye kuna kitu hawezi kukionja mwenyewe, umwonjee. Hiyo ni huduma tosha.

Haya, inuka sasa, lete kichwa chako hapa. Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama. Akupe mlango unaofunguliwa na mtu kama Bi Mwanakombo. Akupe macho ya kumwona akiwa amechoka. Na siku ya kuondoka kwako, awepo hata mmoja atakayekusogezea upawa na haja ya kuonjewa hana.