Saa ya Marijani Kutoka Burma

Shemeji yangu Marijani alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili: kovu la shingoni na saa ya mkononi. Kovu hakupenda kulizungumzia. Saa, loo, Keko nzima iliizungumzia! Uso mweusi, tarakimu zinazowaka gizani kama macho ya paka, na mgongoni imechongwa mshale mdogo, alama ya mali ya jeshi la Mfalme. Ofisa wake alimpa siku ya kuagana. Watu walikuja kwenye karakana yake ya useremala wakijidai wanaulizia kitanda, kumbe wanataka kuiona saa, naye kwa raha zake aliifunika kwa kiganja wachungulie inavyowaka.

Wakati huo hakuwa shemeji bado. Alimtaka dada yangu Mwanaasha, na dada alimtaka yeye mpaka akawa anaunguza wali kwa mawazo. Sisi wadogo tulikula ukoko mwezi mzima.

Kilichoharibu mambo ni hiyo hiyo saa. Marijani aliivaa kijeshi, uso wake kwa ndani, upande wa kiganja. Basi ikafika hitima ya bibi yetu, nyumbani kwetu Temeke. Shehe akaanza dua, wanaume wakainua viganja. Sasa mtu aliyevaa saa namna ile akiinua mikono kumwomba Mungu, saa inamtazama usoni. Marijani akainamisha kichwa kama wenzake. Baba, aliyekaa mbele yake, akaona mtu anaangalia saa katikati ya dua ya mama yake mzazi.

Baba yangu, Mzee Kondo, hasira zake zilikuwa karibu. Mshenga, Mzee Sadallah, alipoleta posa, hakumalizia hata salamu.

"Haraka haina baraka," Baba akamwambia. "Mwambie akaoe hiyo saa yake."

Akaongeza na kejeli, kwamba enzi zao saa ya mwanamume ilikaa mfukoni, na kinachofungwa mkononi ni bangili. Mwanaasha alilia nikadhani atayeyuka. Nilimkasirikia Baba, nakiri, na hasira ile naikumbuka mpaka leo.

Ndipo Marijani akafanya jambo ambalo mchumba hafanyi: alikuja mwenyewe. Ijumaa, baada ya sala, kaongozana na mshenga wake, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mimi na dada tukabana nyuma ya pazia. Siku hizi mjukuu wangu ana saa kubwa nyeusi, anaiita ya kijeshi ingawa haijasikia hata fataki, na eti inapima mapigo ya moyo. Ningekuwa nayo siku ile ingepasuka.

Marijani akaamkia, akakaa mkekani, akavua saa na kuiweka mbele ya Baba.

"Mzee, sikuwa naangalia saa. Ndivyo tulivyofundishwa kuivaa. Kioo kikiwa nje kinamulika juani, adui anakuona. Rafiki yangu Projestus aligeuza yake nje siku moja tu. Nilikuwa pembeni yake."

Akagusa kovu la shingoni.

Baba akaitazama saa pale mkekani. Dada akanifinya mkono mpaka nikang'ata kanga nisipige kelele. Kisha Baba akaanza kusimulia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia, sisi tuliozaliwa nyumbani mwake. Katika vita vya kwanza, vya Mjerumani, alikuwa mpagazi wa Waingereza huko Rufiji. Bwana wake alichoka kutoa saa mfukoni huku kashika bunduki, akaishonea mkanda wa ngozi, akaifunga mkononi. Wapagazi walicheka, mwanamume mzima kavaa bangili. Asubuhi moja bwana yule aliinua mkono kutazama saa, jua likapiga kioo, risasi zikaja. Zilimkosa yeye. Zikampata Kasimiri, aliyebeba mzigo mmoja na Baba.

"Nami nikakuona wewe mtu wa haraka," Baba akasema.

Akaiokota saa. Akamshika Marijani mkono, akamfunga yeye mwenyewe, uso wa saa ukiwa juu, nje kabisa, unang'aa kwa mwanga wa dirishani. Marijani akashtuka, akataka kuufunika kwa kiganja. Baba akauzuia ule mkono.

"Iache hivyo hivyo, mwanangu. Huku kwetu hakuna anayekulenga."

Alisema mwanangu! Shangazi Tabu, aliyekuwa nyuma yetu muda wote bila sisi kujua, akapiga kigelegele mpaka pazia likatudondokea, na Marijani, askari wa Burma, alikuwa analia mbele ya watu wote.