Mfuko wa Shati la Mzee Mkumba

Mpunga ukichanua huku delta, shamba zima hunukia kama maziwa yaliyochemshwa. Mwaka ule harufu hiyo iliishia kwenye tuta la kuzuia maji la jirani yetu, Mzee Mkumba. Mpunga wake ulikauka, wetu ukasimama kijani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi walishafariki, nami niliacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu wawili. Kutwa nilishinda juu ya dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu shambani, nikifukuza ndege kwa kombeo. Mtu mzima tuliyebaki naye ni Bibi peke yake.

Mzee Mkumba akafukua fingo, dawa ya kuzikwa ardhini, kwenye tuta lake: kifurushi kilichoshonwa, kimegandwa na matope, pembe moja tu ikionyesha mstari wa kijani. Akatangaza kwamba Bibi anauvuta mpunga wake kwa uchawi. Mganga akaitwa kutoka Kibiti aje amnyoe nywele Ijumaa, kumtoa uchawi. Mwanamke aliyenyolewa uchawi hakuna aliyempa hata kaa la moto, mwishowe alihama. Bibi akihama, sisi tungegawanywa kwa wajomba, mmoja Utete, mwingine Mtawanya, na mimi sijui wapi. Sikulia. Nilishuka dunguni, nikaenda kwenye shimo lilipotoka lile fingo, nikachota maji kwa kiganja, nikaonja. Chumvi! Maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, yalikuwa yamepenya hapo hapo palipochimbwa. Basi aliyezika fingo ndiye aliyeifungulia bahari mlango. Nikabaki kumtafuta yeye tu.

Ijumaa Bibi akakalishwa mkekani, bakuli la maji na wembe mbele yake. Mzee Mkumba alisimama kavaa shati lake la mitumba. Mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa, na shati lile alilivaa hadi msikitini. Lilikuwa la mistari ya kijani, limepauka kwa jua, isipokuwa kipande cha mraba kifuani.

"Shikamoo, babu. Mfuko wa shati lako umekwenda wapi?"

"Ulichukuliwa na mto, mke wangu akifua. Mfuko wangu na uchawi wa bibi yako wapi na wapi, we kinyago?"

Watu wakacheka. Nikalichukua lile fingo, nikalichovya kwenye maji ya kunyolea, nikalisugua mpaka mistari ya kijani, ile ile ya shati, ikaonekana. Kicheko kikakatika. Mkewe, Bi Siwatu, akajifunika uso kwa khanga.

"Ni mimi, baba Asha. Kinga ya nguruwe. Nilikwambia tuweke, ukakataa."

Nikawaambia wakaonje maji ya tuta. Wawili wakaenda, wakarudi wakitema mate. Mganga akaufunga wembe wake kwenye kitambaa. Bibi akainuka, akakung'uta kaniki.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mkumba. Haya, kazibe tuta."

Wadogo zangu walisoma mpaka wakamaliza. Mmoja anafundisha Mahege. Mimi shamba lile bado nalilima. Siku hizi chumvi hupanda mbali zaidi kuliko zamani, na bado mpunga ukikauka kuna bibi wa mtu atakayenyooshewa kidole. Watu huja kwangu na simu zao mkononi, namba ya mganga iko tayari, wakiniuliza nani kawaroga. Nawaambia twende shambani kwanza. Nachovya kidole tuta kwa tuta, naonja. Shule sikusoma sana, lakini chumvi naijua.