Mama Mukwe Alikunywa Ju ya Heshima

Minyi njo nilikosa. Bantu ba mu kartie, majirani betu, banasema baliloga mama mukwe wangu. Bongo, uongo mutupu! Mulozi iko minyi, mwalimu wa biolojia, mutu wa kujifanya anajua yote!

Mama wa bibi yangu alitoka Kinkondja akakuja kukaa kwetu hapa Kamina ju ya ugonjwa wa sukari. Sindano ya insulini kila asubuhi, na alikuwa muzuri. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, mwenyewe, anaimba nyimbo za kanisa.

Minyi nikasoma mu telefone: mapera na mapapai iko na bitu banaita antioksidan, binasaidia kukinga seli zenye kutengeneza insulini, sukari nyingi isiziue. Banganga, madaktari ba lupitalo, banaichunguza kweli. Lakini minyi sikumaliza hata kusoma! Nikasema: "Sindano ya nini tena? Tumukamulie mapera."

Bibi yangu akauliza: "Munganga amekubali?"

"Nani alisoma biolojia hapa, weye ao minyi?"

Akaenda kukamua mapera. Nilimukaripia sawa mutoto, eh!

Basi tukaacha sindano. Kila asubuhi kikombe kikubwa cha maji ya mapera. Na ju yalikuwa makali, nikaongeza asali! Asali, jamani, kwa mugonjwa wa sukari! Ati ya pori haina mubaya. Mujinga gani minyi!

Weye unajua bukwe yetu Baluba. Minyi siingie mu chumba ya mama mukwe, sikule mbele yake, simuangalie mu macho. Na yeye hawezi kukataa kintu mukwe amemutumia. Nilijua ile yote! Kikombe kilirudi kitupu, minyi najisifu kwa balimu wenzangu.

Kumbe mama alikuwa na kidonda ku muguu. Kinaoza, anakifunika na kitenge, hata binti yake hakumuonyesha. Aliogopa minyi na binti yake tutagombana.

Asubuhi moja akaanguka mu lupango, mu kiwanja ya nyumba. Bibi yangu analia, hakuna mwanaume mwingine. Nikamubeba mu mugongo mpaka ku barabara kutafuta moto, pikipiki ya kubeba bantu. Mama yee! Na maumivu yote ile, alijifunika uso ju ya haya. Anasema polepole: "Munisamehe, mukwe." Yeye njo aliniomba musamaha! Nilitaka kujipiga mangumi.

Ku lupitalo alimwambia bibi yangu: "Nilikunywa ju mukwe asiseme namuzarau."

Munganga alinifokea mbele ya bantu. Na iko na haki! Alisema tunda ale, kidogo, nzima, haina kukamua. Lakini tunda haichukue nafasi ya sindano.

Bakwe wenzangu, musikilize! Musichezeshe dawa ya mutu ju ya kipande mulisoma. Na mugonjwa akinyamaza, musiseme anapona. Mutume bibi, mutume dada yake, muulize, muangalie miguu! Heshima gani ile inaoza chini ya kitenge? Minyi niliivunja siku nilimubeba, na ile siku munganga alikuwa anabakia tu na kazi ya kukata ule muguu.