Sala ya Chakula

Juzi nilipita Tlawi, kijiji nilikokulia, nikakuta chemchemi tuliyokuwa tukichota maji imejengewa bomba. Harufu ya matope na majani yaliyooza ilinirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Mama alikuwa anaungua kwa homa, ndoo ilikuwa tupu, na baba alikuwa amekwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya Haydom. "Maji, mwanangu," mama alisema. Lakini bibi alikuwa ametuonya kwamba chemchemini kuna pepo anayevuta watoto wanaokwenda peke yao.

Nilikwenda hata hivyo, nikasimama ukingoni na dumu. Maji yalibubujika kama koo linalomeza. Nilijua sala moja tu, nikaisema kwa kupiga kelele: "Bwana Yesu, bariki chakula hiki!" Ndipo nikatambua kwamba chakula pale nilikuwa mimi. Nikachota huku nalia.

Mama alikunywa, akaniuliza kama sikuogopa. Nilipomwambia sala niliyoisema, alicheka kwa shida. "Amekusikia, wewe. Si umerudi?"

Gari lilimchukua jioni ile, naye hakurudi. Sasa najua kwamba cha kuogopwa kilikuwa nyumbani, si chemchemini. Hata hivyo, nikizidiwa na hofu, sala inayonijia kwanza ni ile ile ya chakula.